Kigali Ilivyojifunza Kula Hadharani

Katika Rwanda ya zamani mtu mzima hakula mbele za watu. Mlo ulikuwa jambo la ndani ya ua, baina ya watu wa nyumba moja, na mwenye heshima zake hakutaka kuonekana akitafuna. Kilichotolewa hadharani ni kinywaji: maziwa kwa mgeni wa hadhi, au urwagwa, pombe ya ndizi, na ikigage, pombe ya mtama, zilizonyonywa kwa mirija kutoka chombo kimoja. Wakuu wa enzi ya ufalme walipenda hata ijulikane kwamba wao huishi kwa maziwa tu. Desturi hiyo haijafutika yote. Hadi leo ni nadra kumwona mtu akila huku akitembea katika barabara za Kigali, na mgeni anayetoka Dar es Salaam, Mombasa au Kampala hushangaa kukosa majiko ya mahindi na mishikaki kando ya njia. Kanuni za jiji dhidi ya wachuuzi zimechangia, lakini utamaduni ulikuwa umekwisha kuamua kabla ya kanuni hizo kuandikwa.

Ndiyo maana mkahawa na mgahawa vina uzito wa pekee katika jiji hili. Chakula cha mjini hupatikana ndani ya mlango, chini ya paa au barazani, na anayetaka kula nje ya nyumba yake hana budi kuketi. Katika muda usiozidi kizazi kimoja, jamii iliyoficha sahani zake imejaza vilima kwa meza zinazotazamana na barabara. Juu ya meza hizo vimetokea vitu viwili ambavyo babu zake hawakuvijua kama chakula cha nyumbani: kikombe cha kahawa na vyakula vya Asia.

Kigali yenyewe ni mji mchanga. Ulianzishwa mwaka 1907 na Richard Kandt, mkuu wa utawala wa Kijerumani nchini humo, na wa kwanza kufungua maduka kando ya boma lake walikuwa Wahindi, Waarabu na Waswahili. Ulipofanywa makao makuu wakati wa uhuru, mwaka 1962, ulikuwa na wakazi elfu chache tu. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 1.7. Kwa miongo mingi ya katikati, kula hotelini kulikuwa na sura mbili. Moja ilikuwa ya hoteli za kigeni, kama Mille Collines iliyofunguliwa mwaka 1973, zilizopika Kibelgiji kwa ajili ya maofisa na wageni. Ya pili ilikuwa ya baa za mtaani, ambako bia ya chupa kubwa ilisindikizwa na brosheti, jina la Kigali kwa mshikaki wa mbuzi, pamoja na ndizi za kuchoma.

Brosheti nayo ina historia yake. Kwa mila, mwanamke wa Rwanda hakula nyama ya mbuzi, na baa iliyoichoma ilikuwa mahali pa wanaume. Leo wanawake hukaa meza moja na wanaume na kuagiza mishikaki ileile bila mtu kugeuza shingo. Miongoni mwa waliosaidia kuifanya brosheti kuwa mlo wa familia ni waanzilishi wa Chez Lando, hoteli na mgahawa wa Remera ulioanzishwa miaka ya 1980 na Landoald Ndasingwa na mkewe Hélène Pinsky. Wote wawili waliuawa pamoja na watoto wao siku ya kwanza ya mauaji ya kimbari, mwezi Aprili 1994. Dada yake Ndasingwa, Anne-Marie Kantengwa, aliifufua nyumba hiyo, na bado inapika.

Baada ya mwaka 1994 jiji lilijazwa upya na watu waliorejea kutoka Uganda, Burundi, Kongo, Tanzania, Kenya na Ulaya. Kila kundi lilirudi na ulimi wake. Waliokulia Kampala walizoea chai nzito ya maziwa na chapati ya mayai. Waliotoka Bujumbura na Bukavu walizoea samaki wa ziwani na Kifaransa cha mezani. Mikahawa ya leo haieleweki bila watu hawa, kwa kuwa ndio waliokwisha kuishi katika miji ambako kukaa mgahawani si aibu.

Kabla ya kuingia kwenye kahawa, inafaa kusimama kidogo kwenye maziwa, maana mkahawa halisi wa Kinyarwanda ni duka la maziwa. Kila mtaa unalo: chumba kidogo, mapipa ya chuma yanayong'aa, viti vichache na kabati la vioo lenye chapati, maandazi na mayai ya kuchemsha. Mteja huchagua kati ya inshyushyu, maziwa matamu yenye uvuguvugu, na ikivuguto, maziwa mala mazito, naye hupewa bilauri kubwa iliyojaa hadi ukingoni. Hapa hakuna muziki wala intaneti. Dereva wa pikipiki, mwanafunzi na karani hukaa bega kwa bega, wakanywa, wakalipa kiasi kidogo, wakaondoka. Kwa anayetaka kuijua Kigali kwa kinywa, asubuhi moja dukani humo humfundisha mengi kuliko wiki nzima kwenye hoteli ya kitalii.

Mchana ni zamu ya melanje. Huu ni mlo wa kujipakulia ambao wafanyakazi wa ofisini na mafundi huutegemea: wali, viazi mviringo, ndizi, maharage, isombe ambayo Waswahili huiita kisamvu, mboga, tambi, na kipande cha nyama kinachotolewa na mhudumu kwa hesabu. Mteja hupakua mara moja tu, kwa hiyo ustadi wa kujenga sahani umefikia kiwango cha usanii, viazi vikiwa msingi na majani yakiwa kilele. Melanje ina thamani nyingine katika habari hii. Ni kipimo cha bei. Kikombe kimoja cha kapuchino katika mkahawa wa mtaa wa Kimihurura huweza kugharimu kama sahani nzima ya melanje, na ukweli huo hauna budi kukumbukwa kila sifa za mikahawa ya Kigali zinapotajwa. Wakazi wengi wa jiji huipita milango hiyo bila kuingia.

Kahawa ilifika Rwanda mwaka 1904, wamisionari walipoipanda Mibirizi, kusini magharibi mwa nchi. Serikali ya Ubelgiji ililazimisha wakulima kuipanda katika miaka ya 1930, na baada ya uhuru sheria ilikataza kung'oa mibuni. Kwa hiyo mkulima aliijua kahawa kama kodi na amri. Aliivuna, akaimenya nyumbani, akaiuza, wala hakuinywa. Bei ya dunia ilipoporomoka mwaka 1989, zao lililokuwa nguzo ya fedha za kigeni liligeuka mzigo. Hata katika hoteli za Kigali mgeni aliyeagiza kahawa aliletewa maji ya moto na kopo la kahawa ya unga iliyotengenezwa nchi nyingine.

Mabadiliko yalianzia mashambani. Mwaka 2001 chama cha ushirika cha Maraba, karibu na Huye, kilipata kituo cha kuoshea kahawa kupitia mradi ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Taifa cha Rwanda na vyuo vikuu vya Marekani. Katika kituo cha namna hiyo kahawa mbivu humenywa kwa mashine siku ileile ya kuvunwa, huchachushwa, huoshwa kwa maji safi na kuanikwa juu ya vichanja huku akina mama wakiondoa punje mbovu moja moja. Aina iliyopandwa nchini kwa wingi, Bourbon ya arabika, ni tamu kwa asili; ilichokosa ni uangalifu huo. Kufikia mwaka 2003 kahawa ya Maraba ilikuwa ikiuzwa katika maduka ya Uingereza, na mwaka 2008 Rwanda ikawa nchi ya kwanza ya Afrika kuandaa mashindano ya Cup of Excellence, ambayo kahawa bora huonjwa na majaji kisha kuuzwa kwa mnada.

Kati ya hatua hizo mbili ulizaliwa mkahawa. Mwaka 2007 Arthur Karuletwa alifungua Bourbon Coffee katika jengo la Union Trade Centre, katikati ya mji. Wazo lake lilikuwa kwamba nchi inayolima kahawa nzuri haina sababu ya kuipeleka yote ng'ambo na kuacha kopo la unga nyumbani. Miaka miwili baadaye jina hilohilo lilifungua mlango Washington. Kigali ilipata kwa mara ya kwanza mahali ambapo mtu angeweza kukaa saa tatu na kikombe kimoja, akafanya kazi, akakutana na mwenzake wa biashara au akachumbia, bila bia na bila haraka. Kwa jamii iliyozoea kwamba maongezi mazito hufanyika juu ya pombe, huo ulikuwa mlango mpya kabisa, hasa kwa vijana, kwa wanawake na kwa walokole wasiokanyaga baa.

Waliofuata ni wengi. Question Coffee ya Gishushu ilitokana na shirika la Sustainable Growers linalofundisha wanawake wakulima, na mnywaji huweza kuelezwa kahawa iliyomo kikombeni imelimwa wilaya gani. Inzora iko juu ya duka la vitabu la Ikirezi, Kacyiru. Maktaba ya umma ya Kigali, iliyofunguliwa mwaka 2012, ilipata mkahawa wake ghorofani. Java House ya Nairobi nayo imevuka mipaka na kufika. Starbucks, kwa upande wake, ilifungua Kigali kituo cha kuwasaidia wakulima mwaka 2009, si mkahawa, na nafasi hiyo imejazwa na wenyeji.

Mikahawa hii hufanana kwa jambo moja, nalo ni baraza. Kigali iko mita zipatazo 1,500 juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni ya wastani mwaka mzima, na kila kilima kinatazama kingine. Mwenye mkahawa anayejenga chumba kilichofungwa pande zote amepoteza zawadi aliyopewa na nchi. Walio makini huweka meza ghorofani au bustanini na kuacha ukuta wa upande mmoja wazi, na mteja huhitaji sweta tu jua linapotua.

Aliye nyuma ya mashine ana kazi moja ambayo wenzake wa nchi nyingi hawaijui. Kahawa ya eneo la Maziwa Makuu hupatwa na dosari ya harufu ya kiazi kibichi, inayohusishwa na mdudu aitwaye antestia anayetoboa kahawa ingali mtini. Punje yenye dosari haijulikani kwa macho, na hata kuikaanga hakuifichui. Huthibitika inaposagwa. Ndiyo sababu barista mzuri wa Kigali hunusa kila kipimo kabla ya kumwaga maji, na akisikia kiazi hutupa kipimo hicho, hupitisha punje chache nyingine kusafisha kinu, kisha huanza upya. Kikombe kinachofuata huwa hakina kasoro. Ni mazoea madogo, lakini ndiyo yanayotenganisha mkahawa unaoheshimu zao la nchi na unaouza povu la maziwa.

Chakula cha Asia kiliingia Kigali kwa milango miwili, na mlango wa kwanza ni wa Waswahili. Chapati, sambusa, pilau, biriani na chai ya tangawizi na iliki vilitoka Bara Hindi hadi pwani, vikapanda bara pamoja na misafara, askari na wafanyabiashara, vikatua katika mtaa wa Nyamirambo. Msikiti wa Al-Fatah ulijengwa huko mwaka 1913, na baadaye Wabelgiji waliwatengea Waislamu eneo la Biryogo, lililoitwa kambi ya Waswahili. Kizuizi hicho kiligeuka jiko. Chapati ya Biryogo ilienea hadi haikumbukwi tena kuwa ngeni. Ndiyo ileile inayoliwa kwenye duka la maziwa. Katika vichochoro hivyo Kiswahili kilisemwa muda mrefu kabla ya kuwa lugha rasmi ya nchi mwaka 2017, na msomaji wa makala haya anaweza kuagiza mlo mzima humo bila kutafuta mkalimani.

Mwaka 2021, wakati wa masharti ya UVIKO-19, jiji lilifunga baadhi ya barabara za Biryogo kwa magari ili migahawa ipate kupanga meza kwa nafasi. Lami ilipakwa rangi za kung'aa, miavuli ikasimamishwa, na hatua iliyokuwa ya dharura ikabaki. Jioni barabara nzima huwa sebule. Chai ya maziwa hutolewa kwa birika, mishikaki hufuka moshi, na vijana wasio Waislamu hutoka vilima vya mbali kuja kunywa chai mahali pasipouzwa pombe. Mitaa ya juu kidogo ya Nyamirambo imejijengea jina kwa sato mzima wa kuchoma, aliyepasuliwa na kupakwa viungo, anayeliwa kwa mkono na watu wanne au watano. Wanyarwanda wa zamani walimdharau samaki. Kuona meza kumi zikimngojea kwa saa nzima ni ushahidi kwamba ulimi wa jiji umebadilika kweli.

Mlango wa pili ni wa karne hii, na umefunguliwa na ndege, mikataba na makampuni. Mgahawa wa Kihindi unaotajwa kwanza ni Khana Khazana, wenye nyumba Kiyovu na Nyarutarama, unaooka kuku na mkate wa naan katika tanuri la udongo na kuwapikia wasiokula nyama orodha ndefu ya dengu, mboga na jibini ya paneer. Safari za RwandAir kwenda Mumbai zilianza mwaka 2017, na mwaka uliofuata Narendra Modi akawa waziri mkuu wa kwanza wa India kuzuru Rwanda. Uhusiano kati ya jiko la Kihindi na la Kinyarwanda, hata hivyo, ni wa karibu kuliko siasa. Wanyarwanda ni miongoni mwa watu wanaokula maharage kwa wingi zaidi duniani, kwa hiyo bakuli la dengu na wali halimtishi mtu.

Kinachomshtua mteja mpya ni viungo. Upishi wa Kinyarwanda hutegemea chumvi, kitunguu na nyanya, na huacha ladha ya kiazi au ndizi isikike yenyewe. Ukali hukaa mezani, katika kichupa kidogo cha Akabanga, mafuta ya pilipili yanayotengenezwa na Sina Gérard huko Nyirangarama, kwenye barabara ya Musanze. Kila mlaji hudondosha matone yake, mawili au matatu, kwa kadiri ya ushujaa wake. Katika jiko la Kihindi au la Kithai mpishi ndiye anayeamua, na pilipili huwa ndani ya chungu tangu mwanzo. Wahudumu wa Kigali wamejifunza kuuliza mapema: kali, ya wastani, au bila? Swali hilo ni la busara, lakini anayejibu "bila" katika mgahawa wa Kithai amejinyima kilichomleta. Kwa mlaji mwoga, mchuzi wa nazi ni mwanzo bora, kwa kuwa nazi hupunguza makali bila kuua harufu.

Wachina walianza kama wajenzi. Uhusiano wa kibalozi uliwekwa tarehe 12 Novemba 1971, na katika muongo huohuo walijenga barabara ya Kigali hadi Rusumo, mpakani na Tanzania. Mafundi wa barabara walipikiana kambini. Migahawa ya wazi ilikuja baadaye, pamoja na makampuni, wafanyabiashara na wanafunzi, na leo meza ya mviringo yenye sinia linalozunguka ni jambo la kawaida katika sherehe za ofisi na siku za kuzaliwa. Meza hiyo inadai tabia tofauti na melanje. Katika melanje kila mtu ni mlinzi wa sahani yake. Hapa vyakula sita hukaa katikati, na asiyesogeza sinia kwa mwenzake huonekana mchoyo. Wengi huomba uma, na hakuna anayewalaumu. Vijiti huzoeleka kwa kurudi.

Wakorea na Wajapani ni wachache zaidi, lakini wameacha alama. Kampuni ya KT ya Korea ilishirikiana na serikali kujenga mtandao wa 4G ulioanza kutumika mwaka 2014, na mgahawa wa Monmartse wa Kacyiru hupika Kikorea, nyama ikikaangwa na kimchi ikiletwa pembeni. Kiseki hupika Kijapani cha nyumbani. Zen ya Nyarutarama imechagua njia nyingine na kukusanya Thailand, Japani na China katika orodha moja. Kwa jumla, jiko linaloshikilia nchi moja hupika kwa uhakika zaidi. Orodha ya vyakula mia kutoka pembe zote za bara huwachosha wapishi, na mchuzi wa mwanzo huanza kufanana na wa mwisho.

Bahari ndiyo mtihani mkubwa. Dar es Salaam iko umbali wa takribani kilomita 1,500 kwa barabara, na kila chupa ya mchuzi wa soya, kila mfuko wa mwani na kila kamba wa baharini husafiri njia hiyo, au ile ya Mombasa, au kwa ndege, kabla ya kufika jikoni. Samaki mbichi wa sushi kwa hiyo ni ghali au aligandishwa. Anayejua hukwepa mtego huo na kuchagua maki, yaani sushi za kuviringwa, za parachichi, tango na kamba waliopikwa, kwa kuwa parachichi la Rwanda halihitaji msaada wa mtu. Mengine yote soko la Kimironko linayo: tangawizi, kitunguu saumu, giligilani, biringanya, karoti, pilipili. Uyoga nao umepata wakulima, wengi wakisaidiwa na kituo cha kilimo cha China na Rwanda kilichoko Rubona, Huye, kinachofundisha tangu mwaka 2011 kuotesha uyoga kwa majani. Biashara inakwenda pia upande wa pili. Mwaka 2018 Rwanda ilijiunga na jukwaa la biashara la Alibaba, ikaanza kuwauzia Wachina kahawa moja kwa moja, na mwaka 2021 ulitiwa saini mkataba wa kupeleka China pilipili kavu.

Mambo ya vitendo ni machache. Malipo kwa simu hukubalika karibu kila mahali, na namba ya kulipia hubandikwa mezani au kwenye kaunta. Bei za migahawa rasmi hubeba kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, na mteja ana haki ya kudai risiti. Chakula hupikwa kikiisha kuagizwa, wala jiko halikimbizwi, kwa hiyo mwenye miadi ya saa saba aagize saa sita. Tangu Septemba 2023 migahawa na baa hutakiwa kufunga saa saba usiku katika siku za kawaida na saa nane usiku Ijumaa na Jumamosi. Jumamosi ya mwisho ya mwezi ni ya umuganda, kazi ya pamoja ya jamii, na milango mingi hubaki imefungwa hadi saa tano asubuhi.

Wasiotaka kutoka huletewa. Kampuni ya Jumia ilitangaza mwishoni mwa mwaka 2019 kusitisha huduma yake ya chakula nchini, na pengo lake lilijazwa mwaka 2020 na Vuba Vuba, kampuni ya nyumbani, karibu na wakati wa amri ya watu kubaki majumbani. Pikipiki hubeba kari na tambi vilimani kwa muda mfupi. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008 na vyombo vya plastiki vya kutumika mara moja mwaka 2019, hivyo migahawa imelazimika kutafuta makasha ya karatasi yanayostahimili mchuzi, na iliyo makini hufunga mchuzi na wali katika makasha mawili tofauti.